Televisheni Isikudanganye

(Hotuba ya mwanachama mwenzetu, fundi wa redio na televisheni kutoka Zanzibar, siku chama kilipokabidhi televisheni mpya ya ukumbi wa shule.)



Mwenyekiti aliponitaka niseme maneno mawili matatu nilimjibu kwamba mimi si msemaji, mimi ni fundi tu. Akaniambia, "Basi sema ya ufundi." Kwa hiyo nitasema juu ya hiyo televisheni iliyo nyuma yangu, ambayo ninyi wadogo zetu mmeishangilia sana tangu asubuhi. Mmesema rangi zake zinawaka. Ni kweli, zinawaka, na hilo ndilo kosa lake.

Sisi wa Zanzibar tuliiona televisheni mapema. Kenya walikuwa nayo tangu mwaka 1962, lakini ya nyeusi na nyeupe. Ya kwetu ilianza miaka ya mwanzo ya 1970, na tangu ilipoanza ilikuwa ya rangi. Ndugu zetu wa Bara walingoja hadi mwaka 1994 ndipo wakapata vituo vyao. Mimi nilipotoka katika shule hii nilijifunza kazi kwa fundi mmoja mjini, na ilipofika mwaka 1988 nilikuwa na kibanda changu mwenyewe, meza moja, na televisheni moja niliyoiweka mlangoni ili wapita njia waione.

Televisheni ile niliiwekea rangi hadi mwisho. Kontrasti niliifikisha mwisho pia, na mwangaza niliupunguza ili rangi zikoze zaidi. Watu walisimama kutazama. Nilijiona hodari.

Siku moja akaja mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga ya eda iliyokwisha muda wake, ana kanda ya video mkononi. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema, "Mwanangu, hii ni harusi ya binti yangu. Marehemu mume wangu yumo humu, na picha nyingine yake inayotembea sina. Nimeitazama kwa jirani, uso wake hauonekani. Nitengenezee." Nikaitia kanda katika mashine. Kweli, mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia, na baina ya kofia na kanzu palikuwa na weusi mtupu. Hapana macho wala ndevu. Wekundu wa mazulia ulikuwa umechuruzika hadi juu ya kanzu. Nikamwambia kwa sauti ya mjuzi, "Mama, kanda hii imekufa. Haitengenezeki."

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Haidhuru, mwanangu. Kama itakufaa, itumie." Akaenda zake. Wiki ile ile nikarekodi mechi ya mpira juu yake.

Miezi michache baadaye alinitembelea mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika mitambo ya kituo cha televisheni. Alisimama mlangoni, akaitazama televisheni yangu kama daktari anavyomtazama mgonjwa, akaniuliza, "Nani aliyeifanya hivi?" Nikasema ni mimi. Akavuta kiti, akaanza kugeuza vifundo. Hakufungua hata skrubu moja, na ilikuwa heri, kwa sababu ndani ya televisheni za rangi za wakati ule mlikuwa na umeme wa volti kama 25,000. Kazi yote ilimchukua dakika kumi. Kisha akasema, "Tia kanda yoyote." Iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya mpira. Tulizungumza huku ikicheza, mechi ikaisha, na baada yake ikatokea harusi, mabaki yake ya mwishoni, dakika nne hivi. Mzee yule wa kanzu alikuwa anampakata mtoto. Nikamwona uso. Nikaona mikunjo ya paji, ndevu za mvi, na machozi aliyokuwa akiyafuta kwa ncha ya kidole. Kanda haikuwa mbovu hata kidogo. Mbovu ilikuwa televisheni yangu, na mbovu zaidi nilikuwa mimi niliyeiamini.

Nitawaambia mwisho wa habari hii, lakini kwanza niwafundishe alichonifundisha mzee yule, maana ndicho nilichokuja nacho. Televisheni za leo hazina vifundo, zina rimoti na orodha ya maneno, lakini kazi ni ile ile.

Kwanza, iwasheni na muiache nusu saa ipate moto. Itazameni katika mwanga ule ule mtakaokuwa nao siku zote. Jua au taa isipige juu ya kioo.

Pili, tafuteni hali ya picha. Televisheni nyingi hufika zikiwa katika hali ya dukani, yenye jina la kuvutia lenye maana ya picha changamfu. Hali hiyo imekusudiwa kuishinda televisheni ya jirani yake katika duka lenye taa nyingi. Chagueni hali ya sinema. Zimeni pia vile vitu vinavyobadilisha mwanga vyenyewe, na kile kinacholainisha mwendo hadi filamu ikaonekana kama mchezo uliopigwa kwa kamera ya harusi.

Tatu, mwangaza. Jina hili huwapoteza wengi. Kwa desturi kitufe cha mwangaza hurekebisha weusi. Nguvu ya taa iliyo nyuma ya kioo ina kitufe chake. Tafuteni picha yenye koti jeusi au nywele nyeusi. Ongezeni mwangaza hadi weusi uwe kijivu, kisha mpunguze polepole. Weusi ukirudi kuwa weusi, na mikunjo ya koti bado mnaiona, simameni hapo. Mkizidi kushuka, mtaufuta uso wa mtu. Mafundi wa BBC walibuni alama maalumu kwa kazi hii: mistari miwili ya giza, mmoja uonekane kwa shida, mwingine usionekane kabisa.

Nne, kontrasti. Hii hurekebisha weupe. Tazameni kanzu au kofia nyeupe. Kama darizi haionekani, punguzeni hadi ionekane.

Tano, rangi. Iondoeni yote kwanza, mbaki na picha ya kijivu. Kama kijivu hicho kina ubuluu, nendeni penye joto la rangi mchague upande wa joto. Kipimo cha weupe kinachofuatwa na watengenezaji wa vipindi ni ule wa mchana, wa kelvini kama 6,500. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa za buluu kupita hapo, kwa sababu jicho hudhani ubuluu ni usafi. Kisha rudisheni rangi kidogo kidogo, mkitazama ngozi ya mtu mnayemjua. Ngozi ikifanana na ngozi, acheni. Majani yatajiweka sawa yenyewe. Fundi mwenye picha ya mistari ya rangi hutazama kupitia kioo cha buluu: mstari mweupe na mstari wa buluu vikilingana kwa mng'ao, rangi imekaa mahali pake.

Sita, ukali wa picha. Watu hudhani ukizidi ndiyo bora. Tazameni maandishi: kama yana ukingo mweupe kama moshi, huo haukurekodiwa, umeongezwa na televisheni. Punguzeni hadi utoweke.

Mkimaliza, mtaiona picha imepoa, na wengine watasema imefifia. Msiiguse kwa siku tatu. Jicho ni kama ulimi uliozoea chumvi nyingi. Likipumzishwa hurudi katika tabia yake.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza asubuhi, "Babu, kuna ubaya gani rangi zikizidi, mradi zinapendeza?" Swali zuri. Mwalimu wa kemia yupo hapa. Mkitazama jaribio la miali ya moto, potasiamu hutoa urujuani mwepesi, na kalsiamu hutoa wekundu wa matofali. Televisheni ikiongeza buluu na nyekundu kwa hiari yake, mtaandika nini katika mtihani? Na mwalimu wa biolojia akiwaonyesha jani lenye ugonjwa, mtaujuaje manjano wa ugonjwa ikiwa kila jani linawaka kijani?

Na kuna jambo lingine linalotuhusu sisi hasa. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, waliziita Shirley. Hata kadi mashuhuri ya majaribio ya BBC ya mwaka 1967, iliyotumika katika nchi nyingi, ilikuwa na sura ya msichana mweupe. Picha ikishapimwa kwa ngozi hiyo peke yake, uso mweusi huachwa ujitafutie njia gizani. Siku hizi vyombo vimekuwa bora zaidi. Lakini anayeshika rimoti nyumbani kwetu ni sisi, na tukipunguza mwangaza na kupandisha kontrasti ili picha ikoze, sura za kwanza kupotea ni zetu wenyewe.

Sasa nimalizie. Kesho yake niliipakia televisheni yangu juu ya mkokoteni pamoja na mashine ya video, nikaenda hadi nyumbani kwa yule mama. Nikaviunganisha, nikacheza zile dakika nne. Alimtazama mumewe bila kusema neno. Picha ilipokwisha akaniuliza, "Na mengine?" Ndugu zangu, nimewahi kupigwa na umeme mara nyingi katika kazi hii, lakini swali lile liliniuma kuliko umeme. Nikamwambia kweli yote: kwamba kanda ilikuwa nzima, kwamba nilimdanganya bila kujua, kwamba mengine nimeyafuta kwa mpira. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Irudishe nyuma, nimwone tena." Tuliirudisha mara sita. Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumwomba. Nilimwachia kanda, na televisheni nikamwachia pia.

Tangu siku ile sijamwambia mtu kwamba kanda yake imekufa kabla sijapima chombo changu kwanza. Nanyi wadogo zangu, mkiona jambo limepinda, ulizeni kwanza kama kioo mnachotazamia kimenyooka.

Jioni ya leo Mwenyekiti ataonyesha picha za wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Naomba nipewe nusu saa na hiyo rimoti kabla hamjaanza.