Zanzibar ni Ipi, na Unguja ni Ipi?

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Mzee mmoja hapa kijijini ana binti anayefanya kazi Chake Chake. Mwaka jana binti huyo alikwenda kumwandikisha mtoto wake shule, akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Cheti kilikuwa huku kwa babu. Basi mzee akakitia ndani ya boksi pamoja na dagaa, akalipeleka kwenye basi. Juu ya boksi aliandika kwa mkono wake mwenyewe jina la binti, namba ya simu, na neno moja: Zanzibar. Sisi tulikuwapo. Tulimsifu kwa mwandiko wake mzuri, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa.

Boksi lilivuka bahari, likafika Unguja. Binti yuko Pemba! Na ile namba ya simu, kumbe ilikosa tarakimu moja. Siku tisa boksi lilikaa huko. Dagaa, mnawajua wenyewe harufu yao.

Je, mzee aliandika uongo? Hapana. Pemba ni Zanzibar. Chake Chake ni Zanzibar. Lakini watu wengi wakisikia Zanzibar hufikiri kisiwa kimoja tu, kile chenye mji mkubwa na bandari. Kisiwa hicho jina lake ni Unguja. Zanzibar ni jina la nchi nzima: Unguja, Pemba, na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Ina mikoa mitano, mitatu iko Unguja na miwili iko Pemba.

Mchanganyiko huu si wa jana. Wageni waliokuja kwa meli walifika kwenye mji wa bandari, wakauita Zanzibar. Kisiwa nacho wakakiita Zanzibar. Nchi nayo ikaitwa Zanzibar. Jina moja, vitu vitatu! Katika ramani nyingi za Kiingereza kisiwa cha Unguja kiliandikwa Zanzibar, na Pemba ikaandikwa pembeni kwa jina lake, kama kwamba ni nchi ya watu wengine. Na mpaka leo msafiri akipanda boti Dar es Salaam kwenda Unguja husema, "Naenda Zanzibar." Mpemba yeye, akivuka kwenda mjini, husema, "Nakwenda Unguja." Mpemba ndiye anayesema sawasawa.

Msidhani ni jambo la boksi tu. Tumewahi kusikia watu wakisema "Wazanzibari na Wapemba". Hebu fikirini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya laki tano. Wote hao ni Wazanzibari, na kwa neno hilo moja "na" mtu amewatoa nje ya nchi yao.

Sisi watu wa Ziwa tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Ukerewe ni kisiwa, na Ukerewe ni wilaya. Mtu wa Ukara ni wa Wilaya ya Ukerewe, lakini hakai kisiwa cha Ukerewe. Ukimwandikia "Ukerewe" tu, mzigo utashuka Nansio, naye yuko ng'ambo ya maji anangoja.

Na majirani zetu wa Komoro wana yao. Pwani, mtu yeyote wa Komoro huitwa Mngazija. Lakini Ngazija ni kisiwa kimoja tu. Viko pia Nzwani na Mwali. Maore ni kisiwa cha nne, nacho kilibaki chini ya Ufaransa Komoro ilipojitawala mwaka 1975. Mtu wa Nzwani ukimwita Mngazija huenda akanyamaza kwa adabu, lakini umempeleka kisiwa kisicho chake.

Turudi kwa mzee wetu. Binti alipopiga simu kuuliza, mzee aliwatafuta wenye basi, nao wakawapata wenye boti. Wakamwambia atume maandishi mapya kwa simu, yabandikwe juu ya boksi. Aliketi hapa, kwenye benchi hili, akaandika polepole huku sisi tukimtazama:

Chake Chake
Pemba
Zanzibar

Akasoma tena namba ya simu, tarakimu moja moja, kwa sauti. Siku ya tatu binti alipiga simu. Cheti kimefika. Dagaa, alisema, amewapa paka.