RAM Inunuliwe Mwisho: Mada Kuhusu Kuchagua Kumbukumbu Inayooana na Kompyuta Mpya ya Gemu



Nimeweka mezani mazabodi tatu na vipande saba vya RAM. Kimoja kina mkwaruzo kwenye pini, karibu na pengo lililochongwa katikati. Kilikuwa cha kijana aliyefika karakanani kwangu akiwa amejibana miezi minane kwa kazi ya kutengeneza simu. Ndugu yake aliyekuwa safarini alimletea jozi ya DDR5 ya gigabaiti 32, mali nzuri, kwa bei ya punguzo. Baada ya hapo ndipo alipoanza kutafuta vifaa vingine kadiri mfuko ulivyoruhusu, akapata prosesa ya Ryzen 5 5600G na mazabodi ya soketi ya AM4. Kipande kilipogoma kuingia alidhani sloti ni ngumu kwa kuwa ni mpya, akakandamiza. Aliponifikia, ukingo wa sloti ulikuwa umepasuka.

Yule kijana alinikubalia nikilete kipande hiki hapa. Alianza na RAM kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa bei nafuu, na kwa sababu sote tumezoea kuitaja kompyuta kwa gigabaiti zake: ya nane, ya kumi na sita, ya thelathini na mbili. Ninachoomba katika mada hii ni tuugeuze mpangilio huo. Prosesa ichaguliwe kwanza, mazabodi ifuate, na RAM ije baada ya hizo mbili kuwa zimeshajulikana kwa jina kamili. Yenyewe haina uamuzi wowote; kizazi chake, kasi yake na hata idadi ya vipande vyake huamuliwa na hizo mbili.

Tuanze na kizazi, maana hapo hakuna mjadala. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 kwenye kompyuta ya mezani, na ukizitazama kwa mbali zinafanana. Tofauti iko kwenye lile pengo: limesogezwa milimita chache, makusudi, ili kipande kisiingie pasipo pake. Umeme nao ni tofauti. DDR4 ilipangiwa volti 1.2, DDR5 volti 1.1, na DDR5 ina chipu ya kuratibu umeme juu ya kipande chenyewe, kazi ambayo zamani ilifanywa na mazabodi. Kwa hiyo hakuna adapta wala ujanja wa fundi. Kipande kikigoma, kitoe, ukigeuze. Kikigoma tena, kirudishe kwenye boksi usome lebo.

Upande wa AMD kanuni ni rahisi kushika. Soketi ya AM4, yenye Ryzen za mfululizo wa 1000 hadi 5000, ni DDR4 tu. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000, ni DDR5 tu. Upande wa Intel ndiko wanunuzi wanakojikwaa. Prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, zinazokaa kwenye soketi ya LGA1700, zinaweza kutumia DDR4 au DDR5, lakini mazabodi huwa imejengwa kwa moja tu. Mazabodi mbili zinaweza kuwa na jina lilelile, chipu zilezile, picha ileile kwenye boksi, zikatofautiana kwa herufi mbili za mwisho. ASUS huandika D4 mwishoni mwa jina kwa zile za DDR4. MSI na Gigabyte huandika DDR4 yote. Mtu akikwambia "nina mazabodi ya B660", hajakwambia kitu bado. Mwombe jina zima, au apige picha maandishi yaliyochapwa kwenye mazabodi yenyewe. Soketi mpya ya LGA1851, ya mwaka 2024, imeondoa utata huo: ni DDR5 pekee.

Sasa kasi. Nambari kubwa iliyoandikwa kwenye kipande, 3200 au 6000, wauzaji huiita megahezi. Kwa kweli ni idadi ya mara data inapohamishwa, kwa mamilioni, kila sekunde. Saa ya ndani hupiga nusu ya hapo, kwa kuwa katika kila pigo data huhama mara mbili. Ndiyo maana mtu mwenye RAM ya 3200 akifungua programu ya CPU-Z anaona 1600, akaja juu kuwa ameuziwa RAM bandia. Hajaibiwa. Zidisha kwa mbili.

Pembeni ya kasi kuna nambari nyingine, CL, inayoonyesha mapigo ambayo prosesa husubiri tangu iombe data hadi ianze kuipata. Wengi huisoma peke yake na kuogopa: DDR4 yao ilikuwa na CL16, DDR5 mpya ina CL30, je, si tumerudi nyuma? Hesabu yake ni hii: chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inakupa nanosekunde 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30 inakupa nanosekunde 10 zilezile, huku ikibeba mzigo karibu mara mbili. Lakini DDR5 ya 4800 yenye CL40 inafika karibu nanosekunde 17, na hiyo ndiyo huuzwa rahisi kwa mtu aliyeambiwa tu atafute "DDR5". Kwa AM4 mimi hushauri 3200 yenye CL16, au 3600 yenye CL18 kama bei zinakaribiana. Kwa AM5 hushauri 6000 yenye CL30, au CL36 mfuko ukibana. Kuipita 6000 kwenye AM5 ni kununua usumbufu. Kasi unayoongezewa kwenye gemu ni ndogo mno kulinganisha na usiku utakaoutumia kutafuta kwa nini kompyuta inajizima.

Kasi hiyo haiji yenyewe. Kipande cha 3600 kikipachikwa mara ya kwanza huamka kwa 2133 au 2400, kasi ya usalama. Kasi uliyoilipia imehifadhiwa ndani ya kipande kama mpangilio maalumu, uitwao XMP upande wa Intel na EXPO kwa DDR5 upande wa AMD, na lazima mtu aingie kwenye BIOS auwashe. Nimefungua kompyuta ambazo wenyewe wamezichezea gemu miaka miwili kwa kasi ya usalama bila kujua. Ukurasa wa Task Manager unaonyesha kasi halisi. Kila fundi aliye hapa auangalie kabla hajamkabidhi mteja mashine yake. Na si kila mazabodi itakubali. Zile za bei ya chini za Intel, mfano H410, hazina ruhusa ya kupandisha kasi ya kumbukumbu: ukiweka Core i5-10400 juu yake, RAM yako ya 3200 itatembea kwa 2666 hadi siku ya mwisho. Mteja wa namna hiyo muuzie ya 2666 ikiwa ni nafuu, umrudishie chenji yake.

Sasa naomba mniazime masikio kwa muda mrefu kidogo, maana nakuja kwenye jambo linalowagusa vijana wetu wengi. Wengi wao hawaanzi na kadi ya grafiki. Hununua prosesa yenye grafiki ndani, kama ile 5600G, wakitumaini kuongeza kadi mambo yakinyooka. Ni mpango mzuri, nami nauunga mkono. Lakini kadi ya grafiki huja na kumbukumbu yake yenyewe. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina, hivyo hula sahani moja na prosesa, kwenye RAM ileile. Kadi ya kawaida kama Radeon RX 6600 ina njia ya gigabaiti 224 kwa sekunde kwa ajili ya picha peke yake. Kipande kimoja cha DDR4 ya 3200 kina gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na humo prosesa na grafiki zinabanana.

Ukiweka vipande viwili, kila kimoja kwenye njia yake, unapata gigabaiti 51.2. Umezidisha njia mara mbili bila kuongeza hata gigabaiti moja ya ukubwa. Kwa mtu anayetegemea grafiki ya ndani, hakuna kifaa kingine kwenye orodha yake kitakachompa ongezo kama hilo kwa fedha hiyo. Gemu iliyokuwa ikikwamakwama inaanza kuchezeka, kompyuta ni ileile, gigabaiti ni zilezile 16. Kwa hiyo 8 na 8, kamwe si 16 moja. Najua mtakachouliza: "Nitaweka moja sasa, nyingine nitaongeza baadaye." Kwa mwenye kadi ya grafiki, nakubali, atavumilia. Kwa asiye nayo, "baadaye" hiyo ndiyo miezi ambayo kompyuta yake itakuwa haifai kwa kazi aliyoinunulia.

Grafiki ya ndani pia hujitengea sehemu ya RAM. Ukiitengea gigabaiti 2 kwenye BIOS, Windows inabaki na 14. Ndiyo sababu 8 kwa jumla haitoshi tena kwenye mpango huu, hata kama gemu yenyewe imeandikiwa 8. GTA V ilipotoka ilishauri 8; Hogwarts Legacy ya mwaka 2023 inaanzia 16 kama kiwango cha chini.

Vipande viwili hivyo viwekwe wapi? Kwenye mazabodi yenye sloti nne, ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kuna wanaoweka ya kwanza na ya pili kwa sababu zimepakana, nao hubaki kwenye njia moja. Na vinunuliwe ndani ya boksi moja. Mazabodi haiangalii chapa, inaangalia chipu, na chapa moja yenye jina moja inaweza kubeba chipu za Samsung mwezi huu na za Micron mwezi ujao. Vipande viwili vya maboksi mawili vinaweza kuelewana vizuri kabisa kwa kasi ya usalama, halafu vikagombana ukiwasha XMP.

Kwa DDR5 kuna mambo mawili ya kuongeza. Kipande cha gigabaiti 8 mara nyingi hujengwa kwa chipu nne pana, na mpangilio huo hukipunguzia uwezo wa kuhudumia maombi mengi ya data kwa pamoja. Kwa hiyo AM5 ianze na 16 mbili. Pili, sloti nne zisiwatie tamaa. AMD yenyewe, kwa Ryzen 7000, inaahidi 5200 kwa vipande viwili na 3600 tu kwa vinne. Kuna mteja aliyeongeza jozi ya pili apate 64, akaondoka na kompyuta inayochelewa kuliko aliyokuja nayo.

Soko la mtumba halina budi kutajwa, maana bei zimepanda. Tangu mwishoni mwa 2025 viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba, na Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa ambayo wengi wetu tuliitegemea. Kwa hiyo RAM iliyotumika imekuwa mkombozi, na sina neno dhidi yake, mradi lebo isomwe. Kwenye DDR4 tafuta maandishi kama PC4-2400T, kisha herufi inayofuata baada ya kistari. U ni ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu, nayo ni fupi, utaiona tu. R ndiyo hatari: ni ya seva. Inaingia vizuri kwenye sloti ya DDR4, inabana kama kawaida, na kompyuta haiwaki. Huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu seva zinazofungwa ni nyingi. Ukiona chipu ya ziada imekaa katikati ya kipande, peke yake, uliza mara mbili.

Urefu wa kipande nao upimwe. Mabati ya mapambo na taa hugongana na vipoza prosesa vikubwa. Noctua NH-D15, kwa mfano, feni ya mbele ikiwa mahali pake, inaacha milimita 32 tu juu ya sloti. RAM fupi isiyo na taa hufanya kazi ileile.

Mwisho ni siku ya kuwasha. AM5 ikiwashwa mara ya kwanza hupima njia zake zote za kumbukumbu, na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Vijana wengi huzima hapo, wakawasha, wakazima, wakadhani wameunguza kitu. Iache. Kaa mbali nayo kidogo. Ikishawaka, weka XMP au EXPO, halafu iendeshe MemTest86 kwenye flashi usiku kucha. Ninachokubali asubuhi ni sifuri ya makosa. Kosa moja tu linatosha kuja kuharibu faili miezi mitatu baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kuitilia shaka RAM.

Vile vipande saba viko mbele yenu. Viwili ni DDR4 ya mezani, viwili DDR5, kimoja cha laptopu, kimoja cha seva, na kile chenye mkwaruzo. Nimeziba baadhi ya lebo kwa karatasi. Naomba mje wawili wawili, mkitambue kila kimoja kwa pengo lake na chipu zake, na mseme kingeingia kwenye mazabodi ipi kati ya hizi tatu.