Mvua Ikinyesha, Mawimbi Hupungua kwa Kiasi Gani?

Ndugu watumiaji wa huduma za mawasiliano wa Tunduma na Mkoa wa Songwe,

Mvua za mkoa huu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo, huduma ikikatika, jibu ni moja: "Ni mvua." Mara nyingine jibu hilo ni la kweli, mara nyingine ni kisingizio. Tungependa kila mmoja wenu aweze kutofautisha, kwa sababu king'amuzi kimelipiwa, na wateja wa wakala wa fedha hapa mpakani hawangoji mawingu yapite.

Tone la mvua hunyonya sehemu ya nguvu ya wimbi na kutawanya sehemu nyingine. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa takriban mita 3, hivyo tone la milimita chache si kizuizi kwake. Mawimbi ya simu za mkononi na ya ving'amuzi vya antena nayo hupita mvuani karibu bila kupungua. Lakini wimbi linaloshuka kutoka setilaiti hadi dishi la nyumbani, lenye masafa ya gigahezi 12 hivi, lina urefu wa sentimita 2.5 tu. Hilo huathirika.

Upungufu huo hukokotolewa mapema. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, limechapisha kanuni zinazotumiwa na wahandisi wa nchi nyingi. Kwa kanuni hizo, mvua ya milimita 50 kwa saa huondoa takriban asilimia 40 ya nguvu ya wimbi la gigahezi 12 katika kila kilomita ya mvua. Kwa gigahezi 23, masafa yanayoweza kuunganisha mnara na mnara, hupotea karibu asilimia 80.

Mhandisi huanza kwa kuuliza: mvua ya hapa hufikia ukali gani katika asilimia 0.01 ya mwaka, yaani kama dakika 53? Jumla ya mvua ya siku nzima haimtoshi, kwani milimita 40 zilizonyesha polepole tangu asubuhi hazifanani na milimita 40 za nusu saa. Kutokana na hesabu hiyo huchagua ukubwa wa dishi, umbali wa minara na akiba ya nguvu. Penye umbali mrefu hutumia masafa ya chini, au mkongo, kama Mkongo wa Taifa unaoungana na Zambia hapa Tunduma, ambao mwanga wake haupunguzwi na mvua. Kwa hiyo mvua ya kila mwaka si jambo la kumshtukiza mtoa huduma.

Mvua ina dalili zake. Picha ya dishi hukwama mvua ikiwa kubwa na hurudi dakika chache baada ya kupungua, na majirani wenye madishi ya huduma hiyo hupatwa pamoja nanyi. Ikiwa saa moja imepita tangu mbingu itakate na picha haijarudi, kagueni dishi lililosogezwa na upepo au maji yaliyoingia kwenye maungio ya waya. Simu ikipoteza mtandao kabisa, huenda ni umeme wa mnara au kiungo chake na mnara mwingine. Vyote viwili ni wajibu wa mtoa huduma. Wakala ambaye muamala wake umekwama asiurudie kabla ya kuangalia salio.

Andikeni tarehe, saa huduma ilipokatika na iliporudi, pamoja na hali ya mvua. Pelekeni maelezo hayo kwanza kwa mtoa huduma, nanyi mdai namba ya lalamiko. Msiporidhika, yaleteni kwetu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi yetu ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya. Lalamiko lenye tarehe na saa hupimika, na kisingizio cha mvua hakilishindi.