Majina Tunayobandikana



Wahitimu mliokaa mbele yangu na majoho katika joto hili, kwanza pokeeni hongera zangu. Asubuhi nimewaona akina mama wakishuka kwenye daladala na mashada ya maua mikononi, kanga zao bado zina mikunjo ya dukani. Nikajua leo ni siku kubwa majumbani kwenu. Mwenyezi Mungu aibariki.

Nimeombwa nizungumze na vijana kuhusu siasa. Nitasema juu ya jambo moja linaloniuma: majina tunayobandikana, na watu ambao majina hayo yanawafunika.

Mwaka 1789, Ufaransa ilipokuwa katika mapinduzi, wajumbe wa bunge lao waliotaka mfalme abaki na uwezo wa kuzuia sheria walikaa upande wa kulia wa mwenyekiti, na waliompinga wakakaa upande wa kushoto. Ulikuwa mpangilio wa viti tu. Leo, miaka zaidi ya 230 baadaye, tunasema huyu wa mrengo wa kulia, yule wa mrengo wa kushoto, kana kwamba mtu huzaliwa na mrengo wake kama anavyozaliwa na alama za vidole.

Hapa kwetu Zanzibar majina yalikuwa mengine. Huyu Hizbu, yaani wa chama cha ZNP, yule Afro, yaani wa Afro-Shirazi. Mama yangu alikuwa akinisimulia zama zile za siasa, kabla ya mapinduzi: duka lilikuwa hatua 20 kutoka mlangoni kwao, lakini sukari yeye alitumwa kuinunua mtaa wa tatu, kwa sababu mwenye duka la karibu alikuwa wa chama kingine. Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Alipita mbele ya duka lile akiwa amekaza macho chini, maana mwenye duka alikuwa akimpa kashata kila Ijumaa na hakujua amwambie nini. Hadi anazeeka, mama alikuwa akiitaja ile kashata.

Sasa sikilizeni hesabu za uchaguzi wa Januari 1961. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama kilichozaliwa mwaka 1959 kwa kumeguka kutoka Afro-Shirazi, kikapata 3. Jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa kura moja. Moja! Mtu mmoja tu katika ule upande ulioshinda angeamua siku ile kubaki shambani na karafuu zake, hesabu ya nchi nzima ingekuwa nyingine. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, na hakuna upande ulioweza kuunda serikali. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na katika ghasia za uchaguzi huo watu 68 wakapoteza maisha.

Watu hao 68 hawakufa kwa sababu ya tofauti ya sera za bei ya karafuu. Kufikia hapo sera zilikuwa zimeshasahauliwa. Jina lilikuwa limebaki peke yake.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wapo wanaofikiri kwamba dawa ya majina hayo ni kukaa katikati tu. Katika uchaguzi wa mwaka 1963 Afro-Shirazi walipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu walikuwa na 12 na ZPPP 6. Hawa wawili wakaungana, na Mohamed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Mkuu. Chama kidogo cha kati ndicho kilichoshika mizani, na zaidi ya nusu ya wapiga kura wakajiona wako nje ya mlango. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Kwa hiyo msinielewe kwamba nawasifia wanasiasa wa kati. Mimi namsifia mwananchi anayeshawishika.

Mwaka 1957, mwaka uleule Zanzibar ilipopiga kura yake ya kwanza, mchumi wa Marekani aitwaye Anthony Downs alitoa kitabu kilichoeleza kwa nini vyama viwili vikubwa huwa na tabia ya kusogeleana: kila kimoja kinamtafuta mpiga kura aliye katikati, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kuhama. Nawapeni mfano wa kwetu. Wauza madafu wawili wako kwenye barabara moja ya ufukweni. Kila mmoja anajua kwamba wanunuzi wanaweza kwenda kwa mwenzake, kwa hiyo anashusha bei, anachagua madafu mabichi, anasema "karibu mwanangu" na kunawa mikono mbele yao. Lakini nusu ya mtaa ikiapa kwamba haitanunua kwa huyu hata ikifa kwa kiu, na nusu nyingine ikiapa vivyo hivyo kwa yule, kuna haja gani ya kunawa mikono? Kazi yao itakuwa moja tu: kila asubuhi kuwakumbusha wateja wao ubaya wa yule mwingine.

Hivyo ndivyo chama kinavyoharibika, na mharibifu ni mteja aliyeapa. Shabiki asiyehama anadhani anakijenga chama chake, kumbe amekiondolea sababu ya kumtumikia.

Wanangu, tarehe 31 Julai 2010 nilikuwa miongoni mwa waliohesabu kura ya maoni, katika chumba cha darasa la nne cha skuli moja hapa Unguja. Wananchi waliulizwa kama wanakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Shehia ile niliijua nyumba kwa nyumba. Ningeweza kuwachorea, sasa kwa majina mapya ya vyama: mlango huu wa CCM, mlango huu wa CUF, hawa hawazikani, hawa hawasalimiani tangu 1995. Mwaka ule wa 1995 urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na kila upande ulitoka pale na kidonda chake.

Tukafungua sanduku. Karatasi ikanyanyuliwa juu, watu wote waione, ikasomwa: Ndiyo. Nyingine: Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Ndiyo. Mzee mmoja aliyekaa dirishani kushuhudia alikuwa akipiga mistari kwenye kipande cha boksi la sigara. Mistari ya Ndiyo ilipojaa akageuza boksi upande wa pili. Hakusema kitu, ila mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na wangu pia.

Zanzibar nzima ilisema Ndiyo kwa asilimia 66.4. Miezi mitatu baadaye, katika uchaguzi mkuu, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF 49.1. Zitazameni vizuri namba hizi, nyinyi mliosomeshwa takwimu. Hakuna chama kilichokuwa na theluthi mbili ya watu. Karibu theluthi mbili ilipatikana kwa sababu watu wa majina yote mawili walitia alama mahali pamoja. Ni kweli kwamba Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikuwa wamekutana Novemba 2009 na kufungua njia. Lakini njia ikifunguliwa lazima wawepo watu wa kuipita, na watu walikuwepo. Walikuwepo miaka yote ile, chini ya majina tuliyowabandika, na hakuna aliyewauliza.

Mwaka huo wa 2010 tulipiga kura, matokeo yakatangazwa, aliyeshindwa akakubali, tukalala usingizi. Najua yaliyofuata mwaka 2015, uchaguzi ulipofutwa. Maridhiano hayajengwi mara moja yakabaki. Lakini usiku ule wa kuhesabu kura ya maoni niliuona kwa macho yangu, na hakuna atakayeniambia kwamba watu wetu hawashawishiki.

Nyinyi mnatoka hapa na shahada. Mtakuwa walimu, wauguzi, wahasibu, masheha, na baadhi yenu mtagombea. Kuna watu watawapokea huko nje wakiwa na jina tayari mkononi, wanasubiri kulibandika kwenye mapaji ya nyuso zenu kabla hamjasema neno.

Nina ombi moja, na nalitaka leo, kabla majoho hayajarudishwa. Nendeni kwa mwenzenu mmoja mnayejua kwamba kura yake na yako hazifanani. Kaeni naye palipo na kivuli, mumuulize: ni jambo gani chama chako kikilifanya, utakinyima kura? Kisha na yeye akuulize wewe hivyohivyo, na umjibu kweli. Ukiona huna jibu, mwambie huna, kisha ulitafute kabla ya siku ya kupiga kura.

Hongereni sana.