Nusumaisha: Saa Iliyomo Ndani ya Dawa

Mwaka 1961, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California walipopima mawe ya volkano yaliyotoka Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, walipata umri uliowashangaza wengi. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloliona mwanaakiolojia Mary Leakey miaka miwili kabla, lilikuwa na miaka milioni 1.75. Mumewe, Louis, alikuwa amelikadiria kuwa na miaka 600,000 tu.

Umri huo ulipatikana kwa kutumia nusumaisha. Huo ni muda unaopita mpaka nusu ya kitu kinachopungua kwa mwendo wake iwe imetoweka. Mawe ya volkano yana potasiamu-40, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Nusumaisha yake ni takribani miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado uji wa moto, argoni huponyoka. Ikishapoa na kuganda, gesi huanza kujikusanya upya ndani ya jiwe, na kiasi chake hueleza umri.

Nusu ya pili ndiyo huwachanganya wengi. Kitu kikipungua nusu kwa saa sita, hakiishi chote kwa saa kumi na mbili. Hubaki robo, kisha thumuni, na kuendelea hivyo hivyo.

Hesabu hiyohiyo imo ndani ya dawa ya mseto ya malaria, ile ambayo Watanzania huiita ALu. Kidonge kimoja kina dawa mbili zenye tabia tofauti kabisa. Artemeta huvishambulia vimelea kwa nguvu na kwa haraka, lakini nusumaisha yake mwilini ni saa chache tu. Lumefantrini huenda taratibu, ila nusumaisha yake huhesabiwa kwa siku, na ndiyo inayobaki kuvimaliza vimelea vilivyoponea shambulio la kwanza.

Hapo ndipo hatari ilipo. Siku ya pili homa imeshuka, mgonjwa ameomba uji na amecheka na wanawe. Vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini, vimsubiri mwingine atakayeugua. Kumbe nafuu ile kwa sehemu kubwa ni kazi ya artemeta, ambayo kila dozi yake huisha mwilini mapema, na lumefantrini bado haijafika kiwango cha kutosha. Vimelea vichache vilivyosalia vinapata nafasi ya kuzaliana tena.

Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani ambayo nusumaisha yake hufika mwezi na zaidi, nayo ilikuwa na tatizo lake. Ilikaa damuni kwa wiki nyingi katika kiasi hafifu, kisichoua vimelea vyote, na hali hiyo inahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyosaidia usugu wa vimelea dhidi yake kuenea. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Leo mtu mzima hupewa vidonge 24 vya ALu, vinne kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Mhudumu wa dirisha la dawa huandika 4x2 na kumwita anayefuata. Mama aliyebeba mtoto anastahili zaidi ya hapo. Anastahili kuambiwa kwamba dawa iliyoshusha homa huondoka mapema, kwamba ile ya pili hufyonzwa vizuri ikinywewa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na kwamba dozi ya sita inahitajika hata kama mtoto ameshaanza kucheza uani.