Elimu ya Viungo na Uwanja wa Shule
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ya elimu ilitutuma tulete habari juu ya somo la mazoezi ya viungo katika shule ya msingi ya mtaa wetu, nasi tulidhani kazi hiyo ingekwisha kwa kurasa mbili na makofi. Haikuwa hivyo. Kadiri tulivyozidi kuitazama habari hii, ndivyo tulivyoona kwamba inagusa jambo ambalo mkutano huu ulilikubali mwaka jana, yaani kujenga ukumbi wa chama katika pembe ya chini ya uwanja wa shule. Twaomba mtusikilize hadi mwisho kabla ya kutukasirikia.

Muhula uliopita tulikwenda shuleni siku tatu, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Kila darasa lina ratiba ukutani, na katika kila ratiba kipindi cha mazoezi kimeandikwa vizuri kwa wino wa kijani. Siku ya kwanza, saa ya kipindi hicho ilipofika, hatukumkuta mtoto hata mmoja uwanjani. Walikuwa ndani wakipiga hesabu za sehemu. Mwalimu wao, ambaye ni mtu mwema na mwenye bidii, hakutuficha neno. Alisema kwamba amechelewa katika mtaala, na kwamba kipindi kile ndicho pekee kinachoweza kukopwa bila mzazi kuja kulalamika. Tuliliandika neno hilo, kukopwa, kwa kuwa sisi makarani tuna mazoea ya kuuliza deni limeandikwa wapi. Halikuwa limeandikwa popote.

Desturi hii haikuanza kwake. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, na katika miaka yote hiyo mazoezi ya viungo yalikuwamo katika ratiba lakini hayakuwamo katika mtihani. Shule zilipimwa kwa alama. Somo lisilo na alama likawa ghala ya dakika, kila mwalimu anachota.

Sisi tunaosimama mbele yenu tulisoma katika zama hizo, na mtatuwia radhi tukisema kidogo habari zetu. Tangu darasa la tatu tulikuwa na pumu. Kwa hiyo, katika zile siku chache ambazo darasa lilitolewa nje, mwalimu alitukalisha chini ya mti tulinde sweta na viatu vya wenzetu. Hakuwa mkali, aliona anatuhurumia. Tuliifanya kazi hiyo miaka mitano. Hata leo tungeweza kuitambua sweta ya kila mtoto wa darasa lile kwa kifungo kilichokosekana. Viboko vilipokatazwa katika shule za Kenya mwaka 2001, pale shuleni kwetu kuzunguka uwanja kukachukua nafasi yake: aliyechelewa mizunguko mitano, aliyepiga kelele mitatu. Basi wenzetu wakajifunza kwamba kukimbia ni adhabu, nasi tukajifunza kwamba mwili wetu ni kitu cha kuwekwa kando. Sijui ni nani kati yetu aliyepata hasara zaidi.

Tulipokwenda shule ya sekondari ya misheni tulimkuta mwalimu wa michezo ambaye hakutaka walinzi wa sweta. Kwanza alitutuma kwa mganga wa hospitali ya misheni, akataka kujua dawa yetu ya kuvuta inatumiwaje na inawekwa wapi. Kisha akatwambia tutembee kutoka goli hadi goli. Juma lililofuata tulitembea kwenda na kukimbia polepole kurudi. Kifua kikibana, tulisimama, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akitembea pamoja nasi. Hatukushinda kikombe chochote wala hatukuchaguliwa katika timu yoyote. Lakini kidato cha tatu tulicheza mpira dakika zote za mchezo wa mabweni, na usiku ule tulilala bila kukohoa. Siku hizi waganga wanasema wazi kwamba mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa kwa dawa anafaidika na mazoezi. Ile miaka mitano chini ya mti haikuwa lazima.

Mzee mmoja wa kamati yetu alituuliza, kwa haki kabisa, kuna haja gani ya kumfundisha mtoto wa Kenya kukimbia. Yeye alisoma bila mwalimu wa mazoezi na bado anaupanda mlima wa sokoni bila kusimama. Tena alitukumbusha Wilson Kiprugut, aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi yetu, ya shaba, katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964. Na Naftali Temu, aliyeleta dhahabu ya kwanza katika mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Na Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1500 katika michezo ile ile. Hayo ni kweli, na yanatupa fahari. Lakini mzee wetu alikwenda shule kwa miguu, akarudi kwa miguu, jioni akateka maji na kuwarudisha mbuzi zizini. Siku yake nzima ilikuwa mazoezi, bila mtu kuyaita hivyo. Mjukuu wake anafikishwa langoni kwa bodaboda. Nyumbani ni chumba kimoja, ua ni wa kuanikia nguo, barabara ni ya matatu, na jioni mtoto yuko mbele ya simu ya mama yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za shughuli zinazoupandisha moyo mapigo, na angalau siku 3 kwa juma afanye mazoezi ya kukaza misuli na mifupa. Kipindi cha dakika 35, hata kikifundishwa kila siku, hakifiki huko. Sembuse kikikopwa.

Serikali haikulisahau jambo hili. Mtaala wa umilisi, ulioingia madarasani nchini kote Januari 2019 kuanzia madarasa ya chini, ulilipa somo hili mahali pake. Na masomo yalipopunguzwa mwaka 2024 liliunganishwa na muziki na sanaa. Wako wanaosema huko ni kulitunza, na wako wanaosema huko ni kulizika. Sisi twaona itategemea kama mwalimu anafungua mlango na kutoka nje pamoja na watoto wake.

Na akiisha kutoka, afanye nini? Siku ya pili tulibahatika kukuta kipindi kinafundishwa. Watoto 60 walisimama katika mstari mmoja, na mpira ulikuwa mmoja. Kila mtoto aliusukuma kwa mguu hadi kwenye jiwe, akarudi, akaketi. Tulitazama saa yetu. Zamu moja ilichukua kama sekunde 20, na mstari wote ukachukua dakika 20. Maana yake ni kwamba kila mtoto alijongea sekunde 20, na kwa dakika zaidi ya 19 alisimama juani akimtazama mwenzake. Hiyo si elimu ya viungo. Ni foleni ya posta.

Siku ya tatu ndiyo iliyotugeuza. Mwalimu mmoja kijana, mwanamke, aliwatoa watoto wa gredi ya nne, nao pia walikuwa 60. Aliwagawa katika vikundi kumi vya watoto sita. Mipira ilikuwa saba, ya matambara yaliyofungwa kwa kamba za katani, kazi ya mikono ya watoto wenyewe. Enzi zetu tuliitengeneza kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwa kweli mpira wa matambara unadunda vibaya lakini unashikika vizuri, jambo linalomfaa mtoto anayejifunza kudaka. Vikundi vitatu vilikuwa na kamba za kuruka. Walianza kwa kutembea, wakaongeza mwendo hadi miili ikapata moto, ndipo wakaingia katika kurusha na kudaka, kuruka na kutua kwa magoti yaliyolegea, na kusimama kwa mguu mmoja. Kila baada ya dakika chache alipiga filimbi na vikundi vikabadilishana mahali.

Mambo mawili tuliyaona hapo ambayo hatukuwa tumeyawaza. Walipocheza kati, aliyepigwa na mpira hakutolewa akaketi, bali alihamia upande wa pili akaendelea. Mwalimu alitueleza kwamba mchezo unaomtoa anayekosa humkalisha upesi yule yule anayehitaji mazoezi kuliko wote. Na katika kuruka mbali hakuna aliyepimwa na mwenzake. Kila mtoto alikuwa na kijiti chake, akakichomeka pale alipotua, akarudi kujaribu kukipita. Mvulana mmoja mwenye mguu uliopinda alikuwa na kijiti chake pia. Alikisogeza mara tatu, upana wa vidole viwili kila mara, na alituonyesha vidole hivyo ili tusikosee. Tulishindwa kumjibu vizuri, tukajifanya tunaandika.

Juu ya wasichana wakubwa tutasema machache, kwa kuwa mama zetu mnajua kuliko sisi. Wako wanaokaa kando kwa sababu sketi haina kaptula ndani, na wako wanaokaa kando siku fulani za mwezi. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2017 ili wasichana wapewe taulo za hedhi bila malipo. Lakini zinapochelewa kufika, mtoto haambii mtu, huketi tu. Kamati ya akina mama ikilishika jambo hili litakwenda mbali kuliko maneno yetu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta. Vikundi kumi vinahitaji mahali pa vikundi kumi. Sehemu ya juu ya uwanja wetu imekatwa na mtaro wa mvua, na upande wa barabarani una mawe na vipande vya chupa. Mahali alipowapeleka mwalimu yule ni pembe ya chini, penye nyasi, palipo sawa, penye kivuli cha miti asubuhi. Tulipima kwa hatua: 52 kwa 38. Ndipo penye vigingi vya ukumbi wetu.

Twajua ukumbi umengojwa muda mrefu. Tunakutania chini ya turubai la kukodi, na misiba yetu tunaipangia katika nyumba za watu. Wako wazee hapa waliotoa michango yao wakati ambapo wengine wetu tulikuwa bado tunalinda sweta. Kamati ya shule ilitupa pembe ile kwa moyo mwema, na hakuna mtu aliyenyang'anya kitu. Hilo twalisema kwa sauti ili lisipotoshwe. Lakini wote mwakumbuka habari za shule ya msingi ya Lang'ata Road huko Nairobi, tarehe 19 Januari 2015, watoto waliporudi wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta, na walipousukuma wakapigwa mabomu ya machozi na polisi. Nchi nzima ilikasirika, nasi tulikasirika pamoja nayo. Mnyakuzi ni rahisi kumkasirikia, maana hatumjui. Mtoto wa gredi ya nne hataona tofauti kati ya ukuta wa mnyakuzi na ukuta wa chama cha baba yake. Ataona tu kwamba kikundi chake hakina mahali.

Kwa hiyo kamati ya elimu, kwa kura nne dhidi ya mbili, inaomba mkutano huu ulifikirie upya azimio la mwaka jana. Kuna kile kiwanja nyuma ya soko ambacho mwenye nacho yu tayari kuuza. Kitatugharimu, na ukumbi utachelewa, pengine miaka miwili. Mweka hazina amekwisha kutwambia hivyo kwa maneno makali, naye hakukosea. Twaomba pia chama kitoe siku mbili za kazi ya pamoja, kwa majembe na toroli, tuuzibe mtaro na kuokota chupa, na fedha kidogo za kamba na mipira. Hesabu zote ziko mwishoni mwa kijitabu hiki. Wale wanakamati wawili waliopinga wameombwa kusema leo, na twataka wapewe muda wao kamili.

Msingi haujachimbwa. Vigingi vilivyopigwa na fundi bado vipo, na tulipopita pale Ijumaa jioni tulikuta watoto wamevifanya magoli. Bwana Mwenyekiti, hatukuving'oa, wala hatukuwakataza watoto. Tunauachia mkutano.