KHUTBA YA IJUMAA: MNUNUZI ASEMAYE "NIWEKEE, NAJA KUCHUKUA"

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mliomo msikitini na mnaotusikiliza majumbani, na ninyi wanafunzi wa madrasa. Leo twataka kusema juu ya jambo lililokwisha kuingia katika nyumba nyingi za Sikonge, nalo ni kuuza kwa njia ya simu. Mtu ana madumu mawili ya asali, au cherehani, au kabati. Hukipiga picha kitu chake, hukipeleka katika makundi ya WhatsApp au katika Facebook, na kabla ya adhuhuri watu watatu wamekwisha kuuliza bei. Mmoja wao husema: "Niwekee, naja kuchukua mwenyewe." Mwuzaji hujibu: "Haya, njoo."

Ugomvi mwingi tunaoletewa tuuamue huanzia hapo. Mnunuzi hupanda gari Tabora, mwendo wa kama kilomita 70, akalipa nauli na kuacha kazi yake. Akifika huambiwa kwamba kitu kimechukuliwa asubuhi na mtu aliyeongeza shilingi elfu kumi. Mwuzaji hujitetea: "Hakunipa hata senti moja. Ana dai gani?"

Dai analo. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakiuziki mpaka akione, na picha ya simu haionyeshi kila kitu. Basi maneno yale ya kwenye simu, kwa hadhari, tuyahesabu kuwa ni ahadi, na mauziano yafungwe pale watu wanapokutana na kitu kiko mbele yao. Lakini Mtume (S.A.W.) hakukataza tu kuuza juu ya mauzo ya nduguyo, alikataza pia kuingilia mapatano ya bei baada ya watu wawili kuridhiana. Kwa hiyo yule aliyeongeza elfu kumi huku akijua ana dhambi yake, na mwuzaji aliyeipokea ana yake, hata kama hakuna fedha iliyokuwa imetoka.

Njia ya kuepuka ni kusema wazi tangu mwanzo. Mwambie mwenzio: "Nakuwekea mpaka Jumamosi alasiri. Usipofika wala usiponipigia, nitampa mwingine." Hapo muda ukipita u huru, wala hakuna wa kukulaumu. Usiseme "njoo" kwa watu watatu ukingoja atakayetangulia, isipokuwa wote watatu umewaambia kwamba ndivyo ulivyokusudia.

Wengine huomba arbuni, yaani kishika bei kisichorudishwa mnunuzi asipokuja. Wanavyuoni wengi, na Imamu Shafii miongoni mwao, waliikataa. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliipitisha kwa sharti kwamba muda wa kungoja utajwe. Sisi twapendelea kuiacha. Lakini mwenye kuichukua asiichukue bila kutaja siku.

Na ikiwa mnunuzi amekwisha kutuma fedha yote, kisha mvua ikaingia stoo, au mwizi akavunja mlango kabla kitu hakijachukuliwa, hasara ni ya nani? Ni ya mwuzaji. Katika madhehebu yetu kilichouzwa kimo katika dhamana ya mwuzaji mpaka mnunuzi akipokee, naye atarudishiwa fedha zake. Wengi hawapendi kusikia hukumu hii.

Tena msitangaze picha ya mali ya jirani mkidhani mtainunua mnunuzi akipatikana. Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya jambo kama hilo, akakatazwa kuuza asichokuwa nacho.

Juu ya asali twaongeza neno. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, basi dumu la lita 20 hukaribia kilo 28. Mtu wa Dar es Salaam akiuliza bei ya kilo, nawe ukamjibu kwa lita, au kinyume chake, mmoja wenu atadhulumiwa bila kujua. Taja kipimo. Mnunuzi akifika, fungua dumu, aangalie, aonje, akoroge mpaka chini. Akikataa, mwache aende kwa wema. Na akikubali, wote wawili mngali na hiari ya kuvunja mpaka mtakapoachana mahali pale.

Dada zetu wauzao majumbani wasimwite mgeni chumbani. Mkutane mchana, dukani au stendi, pamoja na maharimu au jirani. Akija mjumbe, mpigieni kwanza mnunuzi mwenyewe kwa namba ile ile mliyozungumzia. Wala msitoe mali kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mtu. Tazameni salio katika simu zenu.

Limebaki jambo moja, na watu wa njia ya misafara wangelifahamu upesi. Zamani Tabora, iliyoitwa Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Ilipita pembe na nguo na, tuseme kweli, walipita na watu waliotiwa utumwani. Mtume (S.A.W.) alikataza kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni, na aliyelakiwa akapewa hiari atakapofika na kuijua bei. Leo mnunuzi huja mpaka kwenye mizinga, na mzee mfugaji nyuki, asiye na simu, hajui asali inauzwaje Tabora wiki hii. Ninyi vijana mnaomwandikia mzee tangazo, mpigieni mtu wa sokoni kwanza, mzee aisikie bei kwa masikio yake, ndipo mnunuzi aambiwe aje.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atughofirie sisi na ninyi.